Pumzi Imetangulia, Mguu Uko Nyuma

Ndugu zangu wakimbiaji, habari za asubuhi.

Kabla sijaanza nina swali. Nani kati yetu leo alishuka kitandani akachechemea hadi bafuni? Inueni mikono, msione haya. Naam. Naona mikono mingi, na wengine nawaona mnamtazama jirani kwanza.

Basi tuko pamoja. Nimeombwa nizungumze juu ya maumivu ya miguu kwa mtu anayeanza kukimbia, na nadhani nimechaguliwa kwa sababu moja tu: katika mwaka wangu wa kwanza nilikaa kwenye kiti nikikanda kisigino kuliko nilivyokimbia. Mimi si daktari. Ni mkimbiaji wa kawaida niliyeanza nikiwa na miaka 41, nikaumia, nikakosea karibu kila kinachoweza kukosewa, kisha nikawasumbua wataalamu wa fiziotherapia kwa maswali mpaka wakanichoka.

Nianze na lugha. Kiswahili chetu ni kitamu, lakini kwa jambo hili kinatuponza. Sisi kuanzia nyongani hadi kwenye ukucha wa kidole gumba, vyote tunaita mguu. Mtu anamwendea daktari anasema, "Daktari, mguu unauma." Mguu upi, wapi? Maneno yenyewe tunayo, ila hatuyatumii. Kuna kisigino. Kuna kifundo. Kuna wayo, yaani sehemu ya chini unayokanyagia. Kuna mgongo wa mguu, pale kamba za viatu zinapopita. Ndani ya hicho unachokitia kwenye kiatu kuna mifupa 26, kwa kila mguu. Maumivu ya mkimbiaji hutambulika kwanza kwa mahali yalipo, na pili kwa saa yanayokuja. Ukijua mawili hayo, hata huyo daktari utamrahisishia kazi.

Sasa kwa nini yaumize sasa hivi, wiki ya nne, ya sita, ya nane, wakati ambapo mambo yameanza kunoga?

Moyo na mapafu ni wanafunzi wepesi. Wiki ya kwanza unakimbia dakika mbili unahema kama umefukuzwa na nyuki. Wiki ya sita unakimbia nusu saa huku unapiga soga. Unajiambia, nimeiva. Kilichoiva ni pumzi. Kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, zinachelewa, na mfupa nao unachelewa, kwa sababu ya namna unavyojijenga. Mfupa ukichoshwa, mwili haubandiki mfupa mpya juu ya ule wa zamani. Kwanza unachimba. Ziko chembe ambazo kazi yake ni kula sehemu iliyochoka, na zikishamaliza ndipo zinakuja nyingine kujaza pengo, polepole, kwa miezi. Ni kama fundi anayebandua plasta mbovu kabla ya kupiga mpya: kuna siku kadhaa ukuta uko uchi. Na siku hizohizo ambazo ukuta uko uchi, pumzi inakuambia, ongeza kilomita mbili.

Tupige hesabu kidogo. Mkimbiaji wa mwendo wa kawaida hupiga hatua kama 160 kwa dakika. Nusu saa ni hatua 4,800, kila mguu 2,400. Kila unapotua, ardhi inakurudishia nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 70, mguu mmoja unabeba zaidi ya kilo 140, mara 2,400, kabla hajanywa chai. Mguu ambao miaka kumi iliyopita kazi yake kubwa ilikuwa kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye gari! Mimi sishangai kwamba unauma. Nashangaa kwamba kwa wengi hauumi.

Nije kwenye kisigino, maana ndipo nilipopatia shahada yangu.

Ilikuwa wiki ya sita. Nilikuwa nimetoka kilomita tatu kwenda saba kwa siku ishirini hivi, na nilikuwa najisifu kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Asubuhi moja nashusha mguu sakafuni, nikadhani nimekanyaga msumari. Nikainua unyayo kuangalia, hakuna kitu. Hatua ya pili, msumari. Ya tatu, msumari. Kufika bafuni umepungua, kufika mchana umekwisha kabisa. Jioni nikakimbia. Kesho yake msumari ukarudi, na safari hii mrefu zaidi. Niliishi hivyo miezi miwili, kwa sababu kila jioni mguu uliniambia umepona na mimi nikauamini.

Wenye tatizo hilo, fanyeni hivi sasa hivi, hapohapo mlipo. Vua kiatu, mguu mmoja upandishe juu ya goti la mwingine. Kwa mkono mmoja vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi. Umeona kitu kama kamba kinachojitokeza katikati ya wayo? Huo ni utando mnene unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole, na ndio unaoshikilia tao la unyayo lisibomoke. Sasa kwa kidole gumba cha mkono bonyeza pale kisigino kinapoishia na tao linapoanza, upande wa ndani. Kama umeruka, ndipo hapo. Mzee wa pale nyuma, nimekusikia, pole.

Huo utando ukizidiwa ndio unaoleta msumari wa asubuhi. Usiku unalala umelegea, asubuhi unaukanyagia ghafla na uzito wote. Ukitembea unalainika. Ukikaa saa mbili ofisini ukasimama, msumari tena. Tabia hiyo, ya kuuma mwanzoni na kupoa kwa mwendo, ndiyo inayotudanganya.

Mimi nilipigwa picha ya eksirei, nikaonyeshwa mwiba wa mfupa umechomoza chini ya kisigino. Nikasema kumbe, mchawi ni huyu, kinachotakiwa ni kukatwa. Baadaye nikaelezwa kwamba watu wengi wana mwiba wa namna hiyo na hawajawahi kusikia maumivu siku moja. Mwiba unaonekana vizuri kwenye picha, basi ndio unaosingiziwa.

Dawa yake ni nini? Kwanza, kupunguza kilomita, si lazima kuacha kabisa. Pili, kuvuta vidole vile mlivyofanya sasa hivi, kabla hujaweka mguu sakafuni asubuhi, mara kumi hivi. Kunyoosha shavu la mguu kwa kusukuma ukuta. Kuviringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo kunaliwaza, ingawa hakujengi kitu. Kinachojenga ni mzigo. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya zoezi moja rahisi: unasimama kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa iko chini ya vidole ili vipinde kwenda juu, unanyanyua kisigino kwa sekunde tatu, unashikilia mbili, unashusha tatu. Mguu mmoja mmoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya miezi mitatu waliofanya zoezi hilo walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu. Nawaambia na upande wa pili, msije mkanilaumu: baada ya mwaka mzima makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Wengi hupona. Lakini kwa miezi, si kwa siku, na anayewaahidi siku tatu ana kitu anauza.

Nikipanda juu kidogo ya kisigino, nyuma, kuna kano nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili. Ishike. Hiyo ndiyo kano ya kisigino, na hadithi yake lazima niisimulie.

Kulikuwa na daktari wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson, naye mkimbiaji, kano yake ikawa inamtesa. Akaomba apasuliwe, akakataliwa. Kano haikuwa imekatika, na kumpasua kungemtoa kazini muda mrefu. Akaamua kuikata mwenyewe kwa mazoezi, ili wakose sababu ya kumkatalia. Akawa anasimama ukingoni mwa ngazi anashusha kisigino na uzito wote, tena na tena, kwa maumivu, akingoja ikatike. Haikukatika. Ikapona.

Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha walichofanya na wakimbiaji 15 waliokuwa wanangoja kisu. Kushusha kisigino kwenye ngazi mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, seti tatu goti likiwa limepinda, asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Hesabu inakuja mara 180 kwa siku. Wote 15 wakarudi kukimbia kama zamani. Tangu hapo zoezi limepunguzwa na kugeuzwa kwa njia nyingi, na wengi hawahitaji mara 180, ila wazo limebaki: kano iliyochoka haiponi kwa kulazwa kitandani, inapona kwa kupewa mzigo inaoumudu. Angalizo moja tu. Kama unapouma ni palepale kano inapojishika kwenye mfupa, chini kabisa, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Ishia sakafu bapa. Kushusha zaidi kunaibana kano kwenye mfupa, nawe utarudi kunitafuta kwa ubaya.

Mpaka hapa nimezungumzia maumivu unayoweza kuishi nayo huku unayatibu. Sasa yako maumivu ya namna nyingine, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Ni mfupa kupata ufa. Si kuvunjika kwa kuanguka; ni mfupa uliochimbwa kuliko ulivyojazwa. Kwa mguu hutokea zaidi kwenye mifupa mirefu inayoelekea kwenye vidole, hasa wa pili na wa tatu. Madaktari wa jeshi waliufahamu mapema: mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, ufalme wa Wajerumani wa zamani, aitwaye Breithaupt, aliandika juu ya askari vijana waliovimba mgongo wa mguu baada ya gwaride na safari ndefu, na kwa miaka arubaini hakuna aliyejua ndani kuna nini, mpaka eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895. Askari wapya, angalieni. Wazoefu wa kambini hawakuwa ndio wagonjwa wake wa kawaida. Sisi ndio askari wapya.

Utaujuaje? Utando unauma eneo, ufa unauma nukta. Unaweza kuuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Utando unapoa ukitembea, ufa unazidi. Kadiri unavyoendelea ndivyo unavyouma, kisha unaanza kuuma hata ukiwa umekaa, kisha usiku. Mgongo wa mguu unaweza kuvimba. Kuruka kwa mguu huo mmoja hutaki hata kujaribu. Ukiona hivyo, acha kukimbia siku hiyohiyo, nenda ukapimwe. Na ujue jambo hili: picha ya eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa safi kabisa. Kuambiwa "picha haina kitu" wakati nukta bado inauma si ruhusa ya kukimbia. Unaweza kuhitaji kipimo cha MRI, au kupumzika na kurudia picha. Sisi tuna methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa watu wengi ni methali. Kwa mkimbiaji ni maelezo ya mfupa, neno kwa neno: ufa ulioheshimiwa mapema hutaka wiki sita hadi nane, uliopuuzwa unaweza kukatika kabisa.

Dada zangu, kwenu nina neno la ziada, na wanaume msijifanye hamsikii. Mwanamke aliyeongeza mbio, akapunguza chakula, kisha hedhi ikapotea, mifupa yake iko hatarini. Wengine wanaifurahia, wanaona ni mapumziko. Siyo. Ni mwili umefunga matumizi kwa sababu hela haitoshi, na mfupa ni miongoni mwa wanaonyimwa. Kwa wanaume pia kukimbia na njaa kunakula mfupa, ila wao hawana kengele ya kila mwezi ya kuwaambia. Na mwenye kisukari asifuate mazungumzo ya mtu kama mimi kuhusu miguu. Lengelenge dogo lisilosikika linaweza kumgharimu mguu. Huyo aanze na daktari wake.

Viatu. Najua ndicho mlichokijia.

Nilipoumia, duka moja walinitazama nikitembea hatua nne wakasema nyayo zangu ni bapa, wakaniuzia raba ngumu kama tofali. Duka la pili wakasema nyayo si bapa hata kidogo. Niliondoka na jozi tatu na kisigino kilekile. Baadaye nikasoma kwamba jeshi la Marekani liliwahi kulipima jambo hili kwa maelfu ya askari wapya: wengine wakapewa viatu kulingana na umbo la nyayo, wengine wote wakapewa aina moja bila kujali umbo. Walioumia hawakutofautiana kwa maana. Kwa hiyo mtu akikutazama hatua nne akakutajia kiatu cha wokovu, msikilize kwa adabu.

Wengine mtaniambia, mbona Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 peku? Kweli. Na mwaka 1964 akashinda ya Tokyo amevaa viatu, tena kwa muda mzuri zaidi. Bikila hakuamka siku moja baada ya miaka ishirini ya viatu vya ofisini akasema leo nakimbia peku. Anayetaka kupunguza soli apunguze kwa miezi, maana soli nyembamba huhamishia kazi kwenye shavu la mguu na mifupa ileile ya askari wa Prussia.

Ninachokiamini kuhusu viatu ni kidogo. Kiwe na raha tangu dakika ya kwanza dukani. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi za kukimbilia. Mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha chomoa ile soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake. Vidole vyako vikimwagika nje ya kingo, hicho kiatu si chako hata kama rangi imekupendeza. Nusu ya kesi za kucha nyeusi, malengelenge, na ule mwako kati ya kidole cha tatu na cha nne unaofanana na kukanyaga kokoto, nimeziona zikiisha kwa watu kubadili namba tu. Na mgongo wa mguu ukiuma bila nukta wala uvimbe, kabla ya kufikiria makubwa legeza kamba. Kaka mmoja kwenye kundi letu aliuguza kamba zake wiki tatu.

Swali la mwisho ninaloulizwa: nikimbie nikiwa na maumivu, au nisikimbie? Jibu ninalotumia nimelipata kwa wataalamu wa kano. Yapime maumivu kutoka sifuri hadi kumi. Yakikaa chini ya tano wakati wa kukimbia, na kesho asubuhi yakawa hayajazidi ya jana, endelea ulivyo. Kesho asubuhi yakizidi, ulivuka mpaka, hata kama jana ulijisikia shujaa. Yakikufanya uchechemee, simama hapohapo. Ukikimbia kwa kuchechemea utaliumiza goti lisilo na hatia. Kipimo hicho si cha nukta ya mfupa, hiyo nimeshasema. Na usimeze dawa ya maumivu ili ukimbie. Unakuwa umemziba mdomo mlinzi halafu unamuuliza kama kuna mwizi.

Mmesikia pia kanuni ya kuongeza asilimia kumi kwa wiki. Ni ya busara, lakini si kinga. Uholanzi walichukua wakimbiaji wapya 532, wengine wakaongezewa polepole kwa wiki 13, wengine kwa ratiba ya kawaida ya wiki 8. Walioumia walikuwa asilimia 20.8 na asilimia 20.3. Karibu sawasawa. Mimi sikuchukua hapo ruhusa ya kuharakisha. Nilichukua kwamba karatasi haijui mguu wako ulikesha vipi. Ratiba ikisema ongeza na asubuhi ikisema subiri, mimi nafuata asubuhi. Tangu nifanye hivyo, mwaka wa tano sasa, nimekosa siku moja moja, sijakosa msimu.

Nimesema sana. Pale nje kuna ngazi, ukingo wake ni mzuri na kuna nguzo ya kushika. Wenye kano twende upande wa kushoto, wenye msumari wa asubuhi njooni na taulo zenu kulia. Mwenye nukta yeye abaki amekaa, nitakuja nimwone wa kwanza.